Kurekodi hadithi za bibi kwa Kipare Desemba hii: nijiandae vipi, na wajukuu wasioijua lugha wafaidike vipi?

MjukuuWaMilimani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Desemba ukoo wetu unapanda Same milimani kama kila mwaka, na safari hii nimekabidhiwa kazi ya kurekodi hadithi za bibi mzaa baba. Umri wake ni themanini na ushee, akili imetulia na sauti bado ipo, ila anachoka upesi. Anazo ngano za Kipare, nyingi zina nyimbo ndani yake. Anajua pia habari za ukoo: tulikotoka, nani alichimba ndiva ipi (bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia), nani kazikwa wapi. Wajukuu wengi wamezaliwa Dar na Nairobi, wengine Uingereza. Kiswahili wanakijua, Kipare wanaambulia salamu tu.

Naomba msaada kwa haya:

1. Kikao chenyewe kiendeshwe vipi ili bibi asimulie kwa raha?
2. Simu ya kawaida inatosha au nitafute kifaa? Nyumba ni ya mabati.
3. Kuna kaseti mbili za marehemu babu, za miaka ya themanini, hazijachezwa muda mrefu. Nizicheze tu au kuna utaratibu?
4. Habari za ukoo hazina miaka. Nitazipangaje?
5. Watoto wasiojua Kipare tuwatafsirie moja kwa moja?

Asanteni.

---

MtunzaSimulizi

Marahaba. Nianze na lililo kubwa, maana likiharibika hili vifaa havitakuokoa: usimkalishe bibi peke yake mbele ya simu ukamwambia "haya bibi, tusimulie". Ngano inahitaji mtambaji na waitikiaji. Asipopata wa kumwitikia atakupa kifupi chake tu: kulikuwa na fisi na sungura, fisi akadanganywa, basi. Dakika mbili imekwisha na wimbo hajauimba. Ngano hiyo hiyo, wakiwepo watoto watano mkekani wanaoitikia, inafika robo saa. Hapo ndipo inatoka sauti ya fisi, wimbo unarudiwa, na bibi anasimama kidogo kuwauliza watoto, "Mnadhani alifanya nini?" Ukikosa hayo umerekodi maneno, hadithi yenyewe imebaki kwa bibi.

Kwa hiyo waandae waitikiaji kabla ya kumwandaa bibi. Siku moja kabla, mtu mzima anayejua Kipare awafundishe watoto kiitikio cha kufungulia na viitikio vya nyimbo mbili tatu. Pwani wanafungua kwa "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!", bara wengi wanasema "Hadithi, hadithi!" na kujibiwa "Hadithi njoo!" Usimletee bibi hizo za shuleni. Muulize nyumbani kwao walifungua vipi, mtumie hiyo. Wajukuu wakubwa wawili wanaojua lugha wakae karibu naye, maana sauti zao ndizo zitakazowavuta wadogo.

Muda: usiku, baada ya chakula. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zina mwiko wa kutamba ngano mchana, na hata mzee asiyeushika sana atakuwa mzito jua likiwaka. Mwiko huo unawasaidia hata warekodi, kwa kuwa usiku mashine ya kusaga imezimwa, kuku wamelala na wageni wamepungua. Kikao kisizidi dakika 45 kwa mtu wa umri wake. Ukisikia anameza mate mara kwa mara au sentensi zinakuwa fupi, funga hata kama ana hamu ya kuendelea. Maji ya uvuguvugu yawe karibu. Chai ya moto sana mpe mwisho, kikombe kikigonga kisosi kinasikika kuliko sauti yake.

Habari za ukoo na maisha yake ziwekee kikao kingine, hizo hata asubuhi sawa. Hapo ndipo penye maswali, na maswali mabaya ni yale makubwa. Ukimwuliza "Utamaduni wetu wa zamani ulikuwaje?" atakujibu kama anahutubia. Mwulize vitu: nyumba ya baba yake ilitazama wapi, nani alilala upande gani, maji yalichotwa wapi na nani alikuwa wa kwanza kuamka. Mpe kitu mkononi, kibuyu, kinu, picha ya harusi. Kama miguu inaruhusu, mpelekeni kwenye ndiva yenyewe. Akiwa pale juu ya tuta, akiona mahali maji yanapokusanywa usiku na mlango unapofunguliwa asubuhi, atakueleza zamu za maji, nani alinyimwa zamu na kwa kosa gani. Ukimwuliza sebuleni atasema tu "tulimwagilia".

Halafu jifunze kunyamaza. Akiacha kusema, hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujauliza tena. Mzee anapotulia mara nyingi anatafuta jina, na ukimkatiza jina linapotea pamoja na habari iliyolifuata. Usiseme "ee, ee" kila sentensi pia, tingisha kichwa. Kwenye ngano sheria ni kinyume: huko itikieni kwa nguvu.

Kikao cha tatu wengi hawakifanyi, na mimi nakiona ndicho chenye thamani zaidi. Siku ya pili au ya tatu, mchezee bibi ulichorekodi, usimamishe kila unapokuta neno gumu, jina la mmea, jina la mahali, na umwulize. Rekodi maelezo hayo kwa simu ya pili. Humo unapata tafsiri sahihi, na mara nyingi anakumbuka kipande alichokiruka.

Mwanzoni mwa kila rekodi, kabla ya salamu, sema kwa sauti: tarehe, kijiji, jina la msimulizi na ubini wake, waliopo, na kwamba bibi ameridhia. Kisha mwache yeye mwenyewe aseme kwa kinywa chake kama anakubali na nani wasikie. Karatasi hupotea, lakini sauti ikiwa ndani ya faili itakwenda nalo.

---

FundiSauti

Nachukua swali la 2 na la 3.

Simu inatosha ukiitumia vizuri. Kosa la kwanza ni programu ya kurekodi iliyoachwa kwenye ubora wa chini. Ingia kwenye mipangilio, chagua WAV (aina ya faili la sauti isiyobanwa) kama ipo, 48 kHz, biti 16, chaneli moja. Saa moja ya hiyo ni kama MB 346, kwa hiyo saa kumi ni GB 3.5 hivi. Hakikisha nafasi ipo kabla ya kupanda milimani. Kama simu haina WAV, chagua ubora wa juu kabisa uliopo. Usirekodi kwa kitufe cha ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kile kinabana sauti mno, na baadaye huwezi kuirudisha.

Weka hali ya ndege, zima kengele za saa, chaji mpaka ijae. Simu isilazwe juu ya meza tupu, kila mguso wa meza utasikika kama ngoma. Kunja kanga mara nne, iweke juu yake, maiki ya chini ikimtazama bibi, umbali wa sentimita 30 hivi. Ukipata maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ibane kiganja kimoja chini ya kidevu, mbali na shanga na mtandio. Ila ikiwa hiyo ndiyo maiki pekee, sauti za watoto zitafifia, na mwenzangu hapo juu ameshaeleza kwa nini unazihitaji. Tumia simu mbili: moja kwa bibi, nyingine mita moja na nusu kuelekea waitikiaji. Pigeni makofi mara moja kwa nguvu mwanzoni, ili baadaye kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ulinganishe faili mbili kwa ule mlio.

Mabati: jua likizama yanapoa na kujikunja, na yanatoa milio ya kukwaruza kwa muda mrefu. Subiri yatulie. Kama nyumba ina chumba chenye dari au godoro na nguo nyingi, nendeni huko, kuta tupu za saruji zinarudisha sauti. Mkikaa jikoni kwa mila ya mafiga, tumia mkaa au kuni kavu kabisa, kuni mbichi zinapasuka. Mvua ikianza juu ya mabati, simamisha. Hakuna programu itakayoiondoa bila kula sauti ya bibi.

Kabla ya kuanza rekodi dakika moja, isikilize kwa spika za masikioni, si kwa spika ya simu. Ndipo utasikia friji ya chumba cha pili au redio ya jirani.

Sasa kaseti. Usizicheze kwanza. Kaseti ya zamani huenda ikachezeka mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo iwe ya kurekodi.

Anza kwa kuvunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni, kama bado vipo. Vikiwepo, kidole kikikosea kitufe unafuta sauti ya babu. Kisha angalia ndani kupitia kidirisha cha kaseti kwa mwanga mkali. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za mkanda ni ukungu, usiuweke kwenye mashine, mpelekee anayejua kuusafisha. Tazama sehemu ya katikati ya mdomo wa kaseti: pana kipande kidogo cha sponji kinachousukuma mkanda kwenye hedi, sehemu ya mashine inayosoma sauti. Gundi yake hukauka na sponji hudondoka, na hapo sauti inakuwa hafifu na kuyumba. Kaseti yenye skrubu inafunguka, unahamisha mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine nzima. Isiyo na skrubu inapasuliwa taratibu kwa kisu kwenye maungio, kazi ya mtu mwenye mkono mtulivu.

Soma maandishi ya kaseti. C60 ni dakika 30 kila upande, C90 ni 45. C120 ina mkanda mwembamba sana, inaliwa na mashine kirahisi, hiyo usiipeleke mbele na nyuma ovyo. Hizo nyingine kaza mkanda kwa penseli, halafu zipeleke mbele mpaka mwisho na kuzirudisha mara moja, ili mizunguko iliyogandana iachane.

Safisha hedi na kile kigurudumu cha mpira cha mashine. Hedi kwa pamba na spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi, isubiri ikauke. Manukato na maji, hapana. Tumia umeme wa ukutani. Betri ikichoka mwendo unapungua na babu atasikika mzito kuliko alivyokuwa. Toa waya kwenye tundu la "line out", au la spika za masikioni kama hakuna lingine, uingize kwenye kompyuta kupitia kile kiunganishi kidogo cha sauti cha USB. Kwenye Audacity, sauti kali zaidi ifike kati ya -12 na -6 dB, ikigonga sifuri imepasuka na haitengenezeki.

Sauti ikiwa imefunikwa kama mtu anasema nyuma ya blanketi, pengine hedi ya mashine hailingani na iliyorekodi. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo. Igeuze kidogo sana, robo ya mzunguko haifiki, huku unasikiliza herufi "s". Zikiwa kali na wazi, umefika.

Hifadhi faili mbichi jinsi lilivyo. Kuondoa mvumo fanyia nakala.

---

MjukuuWaMilimani

Nimefarijika sana, asanteni. Kaseti zote mbili ni C90 na zina skrubu. Bado natafuta msaada kwa la 4 na la 5. Halafu mzee mmoja wa ukoo ameshaniambia kuna mambo "si ya kurekodi". Nimwelewe vipi?

---

MwalimuWaHistoria

Mzee mwelewe hivyo hivyo alivyosema. Upare kulikuwa na mshitu, msitu wa jando, na mafundisho yake hayakuwa ya kila sikio; mipungi nayo, mahali pa matambiko, kila ukoo ulikuwa na wake na masharti yake. Bibi akitaja kwamba jambo fulani la huko lipo, andika kwamba lipo, usimsukume aeleze ndani yake. Fanya na faili la pili, la mambo ambayo ukoo unaruhusu lakini si ya kundi la WhatsApp: mipaka ya mashamba, nani alimpa nani kiunga, nani alituhumiwa uchawi, mtoto wa nani alizaliwa nje ya ndoa. Masimulizi ya mpaka yamewahi kupelekwa barazani kama ushahidi, na yakivuja bibi ndiye atakayesumbuliwa. Faili hilo lishikwe na watu wawili walioteuliwa kwenye kikao cha ukoo.

Kuhusu miaka: usimwulize bibi mwaka, mwulize tukio, halafu mwulize alikuwa na ukubwa gani. Jiandalie orodha ya matukio ya Upare na nchi kabla ya kwenda. Wamisheni Wasabato walifika 1903. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi 1911. Vita ya Wajerumani na Waingereza ni 1914 hadi 1918, ikafuatiwa na homa kuu ya 1918. Mbiru, Wapare walipogomea kodi na kukusanyika Same, ni 1945. Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji 1973 hadi 1976, vita vya Kagera 1978 na 1979. Bibi akikwambia "wakati wa Mbiru nilikuwa nabebwa mgongoni", umepata kuzaliwa kwake ndani ya miaka mitatu minne. Akikwambia mama yake alikuwa mwali homa ilipokuja, umepata kizazi kizima cha juu yake. Kwa Waliobatizwa, daftari la usharika linaweza kuthibitisha.

Orodha ya mababu usiichore kama mti mbele yake. Nendeni makaburini mkapite moja moja: huyu nani, mke wake alitoka ukoo gani, watoto wake wako wapi, nani hakuzikwa hapa na kwa nini. Mjukuu mmoja achore ramani ya makaburi kwenye karatasi na kuyapa namba. Majina yanarudiwa, mjukuu hupewa la babu, kwa hiyo bila namba utawachanganya watu watatu wakawa mmoja. Na waulize wanawake walioolewa hapo. Wao walifundishwa ukoo wa mume wakiwa watu wazima, wakaushika kwa makini, na wa kwao hawajausahau.

Jambo la kujihadhari nalo: masimulizi ya ukoo hukonda katikati. Watu wanakumbuka vizazi vitatu vinne vya karibu, kisha wanarukia mwanzilishi aliyetoka mbali. Kati yao pengine vizazi vitano vimepotea. Usivijaze kwa kukisia. Andika "hapa pana pengo". Pia simulizi la utawala husimuliwa na aliyeshinda. Mfano wa Upare unajulikana: Ugweno, kaskazini mwa Upare, ilikuwa chini ya ukoo wa Washana, wahunzi, kabla ya ukoo wa Wasuya kuchukua utawala. Ukimsikiliza Msuya na Mshana utasikia sababu mbili za tukio moja. Zote ziandike, kila moja na jina la aliyeisema.

Mahojiano ya kuthibitisha yafanywe kwa kila mzee peke yake. Ukiwakalisha pamoja, mdogo atamfuata mkubwa kwa heshima na utadhani wamekubaliana.

---

MamaWaNgano

La 5 niachieni.

Usimtafsiri bibi anapotamba. Mkalimani akiingia katikati, mapigo ya hadithi yanakatika na bibi naye anaanza kusimulia kwa Kiswahili ili kurahisisha, na nyimbo zinakufa. Badala yake, mchana wa siku ile, wasimulie watoto kisa chote kwa Kiswahili: nani yumo, nini kinatokea, wimbo unasema nini. Usiku wakikisikia kwa Kipare watakifuata kwa sauti na mikono ya bibi. Kujua mwisho hakumpunguzii mtoto raha, watoto ndio wanaoomba hadithi ile ile kila siku.

Anza na ngano zenye wimbo unaorudiwa kwa kubadilisha neno moja kila mara. Mtoto akishika wimbo ameshashika sentensi nne nzima za lugha bila kufundishwa sarufi.

Kwa wale wa Uingereza, simu ya video inafaa, ila jueni mambo mawili. Sauti inachelewa, kwa hiyo kuimba pamoja hakuwezekani. Chagueni zile za bibi kuita na watoto kujibu, na bibi aambiwe angoje kidogo. Na programu hizo huchukulia makofi na nyimbo kama kelele na kuzifuta, kwa hiyo tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuzima upunguzaji wa kelele. Rekodi ya kutunza ifanyike upande wa bibi kwa simu nyingine, si ile ya mtandaoni.

Uandishi: usikimbilie kuandika kila kitu. Saa moja ya sauti ya Kipare inamla mwandishi saa tano mpaka nane. Kwanza tengeneza orodha ya dakika kwa kila faili, namna hii:

00:00 tarehe, waliopo, bibi anaridhia
01:20 kufungua, watoto wanaitikia
02:05 ngano ya fisi na mwali, wimbo 04:40, 07:15, 10:30
13:50 bibi anaeleza maana ya jina la mti
15:10 vitendawili

Kwa orodha hiyo mtu yeyote anafika anapotaka. Kisha chagua ngano tano za kuandika neno kwa neno: mstari wa Kipare, chini yake mstari wa Kiswahili. Andika alivyotamka, na marudio yake yote, usimsahihishe lahaja. Tahajia ichague moja ubaki nayo. Agano Jipya la Kipare litakupa mfano.

Kijitabu kinatoka kwa gharama ndogo: karatasi nne za A4, kunja katikati, zimeshakuwa kurasa 16. Ngano moja kurasa tatu, picha wachore watoto wenyewe, wimbo uwekwe kwenye fremu yake. Piga pini mbili kwenye mkunjo. Kabla ya kuchapa nakala nyingi, msomee bibi yote kwa sauti, arekebishe.

Na mpeni kila mtoto ngano moja ya kwake. Aitambe mbele ya bibi siku ya tatu, kwa maneno yake, hata akichanganya Kiswahili, ila wimbo uwe kwa Kipare. Mwakani aifundishe mdogo wake. Rekodi nazo hizo.

---

FundiSauti

Nyongeza ya hifadhi, nilisahau kuiandika. Faili liitwe kwa mwaka-mwezi-siku, mahali, msimulizi, kisa, namba, bila nafasi katikati, mfano: 2025-12-27_Same_bibi-mzaa-baba_fisi-na-mwali_01.wav. Yatajipanga yenyewe kwa tarehe.

Nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski iliyo nyumba nyingine kabisa, moja mtandaoni. Flashi ni ya kusafirishia, usiifanye ghala. Ikikaa kabatini miaka bila kuchomekwa inaweza kupoteza data, na za bei chee sokoni nyingine zinadanganya ukubwa wake. Nakili, kisha ifungue nakala na uisikilize mwanzo, kati na mwisho kabla hujafuta chochote kwenye simu. Kwa ndugu tumeni kama "hati" kwenye WhatsApp, si kama sauti, ili faili lifike bila kubanwa. Na kila mwaka mkikutana Desemba, mtu mmoja aliyepewa jukumu azifungue nakala zote tatu, na isiyofunguka inakiliwa upya siku hiyo hiyo.